Mafuta Yanaishia Kwenye Breki: Mwongozo wa Dereva wa Nakuru, Kericho na Kisumu

Barabara ya Nakuru kwenda Kisumu kupitia Kericho ina urefu wa kama kilomita 190, na tambarare ya kweli huipati mpaka ushuke Awasi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Mau Summit inapita mita 2,400, na Kisumu iko chini kwenye mita 1,140 hivi. Kuinua gari dogo lenye abiria na mizigo, tani moja na nusu kwa jumla, kutoka ziwani hadi Mau Summit hula zaidi ya lita mbili za petroli, na hapo bado hujahesabu upepo unaolirudisha gari nyuma wala msuguano wa matairi na lami.

Mafuta hayo ya kupandia hayajapotea ukifika kileleni. Gari limeyaweka akiba kama kimo, na litakurudishia likianza kushuka. Mwendo nao ni vivyo hivyo: mafuta uliyochoma ili gari lifike kilomita 80 kwa saa yamo ndani ya mwendo huo. Kinachoyamaliza ni breki. Kila unapoikanyaga, petroli uliyolipia inageuka joto kwenye disiki, na moshi wake ulishatoka zamani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na ya dizeli kama kilo 2.7. Kwa hiyo mengi ya hapa chini yanahusu kutoikanyaga breki bila sababu kuliko kukanyaga mafuta polepole.

Pima kwanza

Bila kupima huwezi kujua kama tabia mpya inasaidia. Kujaza kwa pesa, elfu moja leo na mia tano kesho, hakukuambii kitu, hasa kwa kuwa EPRA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, hubadilisha bei katikati ya kila mwezi. Fanya hivi: jaza tangi mpaka bomba la pampu lijifunge lenyewe mara ya kwanza, na usimruhusu mhudumu aongeze ya kulainisha hesabu. Andika namba ya odomita. Endesha unavyoendesha siku zote mpaka tangi libaki na robo, kisha rudi kwenye pampu ileile, gari likiwa limeegeshwa upande uleule, ujaze tena mpaka bomba lijifunge. Tuseme odomita ilikuwa 148,210 na sasa ni 148,612. Umetembea kilomita 402. Pampu imeingiza lita 28.7. Gawanya 402 kwa 28.7, unapata kilomita 14 kwa lita.

Kwa barabara zetu kuna mtego mmoja. Usipime safari ya upande mmoja. Kutoka Nakuru kwenda Kisumu unashuka jumla ya mita 700, na tofauti hiyo peke yake ni zaidi ya lita moja kwa gari dogo. Anayepima akienda atajisifu bure, na anayepima akirudi atamlaumu fundi. Pima kwenda na kurudi, mzigo ukiwa wa kiasi kilekile, walau mara mbili kabla ya kubadilisha tabia na mara mbili baadaye.

Mteremko: gia, wala si frii

Tabia inayoharibu mafuta na kuhatarisha roho za watu kwa pamoja ni kuweka gari frii, yaani kutoa gia kabisa, kwenye mteremko. Wanaoifanya wanaangalia sindano ya mizunguko ya injini: ikiwa frii inashuka hadi 700, ikiwa kwenye gia inapanda hadi 2,500 au 3,000, basi wanahitimisha kwamba frii inakula kidogo. Kwa gari la injekta, yaani karibu kila gari lililoletwa kutoka Japani miaka hii, hesabu hiyo imepinduliwa.

Injini ikishapata moto, mguu ukitoka kabisa kwenye akselereta huku gari likiwa kwenye gia, na mizunguko ikiwa juu ya 1,200 hadi 1,500 hivi, kompyuta hufunga injekta. Hakuna tone linaloingia. Injini inazungushwa na magurudumu, nayo inayazuia. Huo mngurumo unaousikia ni wa hewa tupu. Ukiweka frii, magurudumu hayaizungushi tena, kwa hiyo injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime, kati ya lita 0.6 na lita 1 kwa saa kwa gari la kawaida. Kama dashibodi yako inaonyesha matumizi ya papo hapo, jaribu mwenyewe ukishuka kutoka Mau Summit kuelekea Londiani: kwenye gia na mguu ukiwa nje, namba itakimbilia mwisho wa kipimo.

Sasa jinsi ya kushuka. Gia huchaguliwa kabla mteremko haujaanza, si katikati, gari likiwa tayari limechukua kasi. Kwa gari la manyuo, la kubadilisha gia kwa mkono, shuka na gia ileile ambayo ungeitumia kupanda mahali hapo. Kwa gari dogo lenye mzigo kati ya Sachangwan na Salgaa hiyo ni ya tatu mara nyingi, na kwa matatu iliyojaa inaweza kuwa ya tatu au ya pili. Kwa otomatiki za zamani za Toyota na Nissan, bonyeza kitufe cha O/D kilicho ubavuni mwa mkono wa gia. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi, gia ya juu kabisa imefungwa. Ikiwa gari bado linakimbia, teremsha mkono hadi 2. Zenye CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, zina S au B. Mizunguko 3,000 kwenye mteremko haiumizi injini iliyo na oili ya kutosha. Angalia tu isikaribie alama nyekundu.

Magari ya haibridi yana kanuni yake. Ukiwa D na kukanyaga breki kidogo, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na hapo breki yako ni faida. B huizungusha injini ili ikuzuie, na nguvu nyingi inapotea. Kwa miteremko mifupi kaa D. Weka B pale mteremko unapokuwa mrefu na alama ya betri imejaa, maana betri iliyojaa haiwezi kupokea zaidi, na kazi yote ingeangukia pedi.

Gia ikishindwa kulishika gari peke yake, kanyaga breki kwa nguvu kiasi, lishushe kutoka 70 hadi 55, halafu achia kabisa ili disiki zipoe. Likipanda tena hadi 70, rudia. Kinachoua breki ni kuziegemea kidogo kidogo kwa kilomita nzima. Pedi zinapata moto, moto unaingia kwenye oili ya breki, na oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani kadiri inavyozeeka. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka hadi karibu 140. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea: pedali inazama hadi sakafuni na gari haliitikii. Badilisha oili ya breki kila miaka miwili hata kama fundi anasema bado ina rangi nzuri.

Kuna wanaozima injini kabisa wakishuka. Hapo kinachofuata ni kibaya zaidi. Breki ya pawa hutegemea uvutaji wa hewa wa injini. Injini ikizimwa inabaki akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa ngumu. Stelingi ya pawa nayo inakuwa nzito, na ukizungusha ufunguo kupita kiasi inajifunga. Otomatiki nyingi pia hazilainishi gia injini ikiwa imezimwa, kwa sababu pampu ya oili yake inaendeshwa na injini.

Kwa malori na matrela yanayotoka Eldoret na Malaba, breki ya eksozi iwashwe tangu juu, na gia isibadilishwe katikati ya mteremko. Gia ikikataa kuingia tena, lori limeshakuwa frii bila dereva kutaka.

Bodaboda na tuktuk nyingi za Kisumu bado zina kabureta, na kabureta haifungi mafuta kama injekta. Hata hivyo gia hulinda breki zake ndogo, na kwenye mteremko wa Riat mwenye abiria wawili nyuma anazihitaji.

Kupanda

Juu ya mita 2,400 hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu iliyo nayo pwani. Dereva aliyezoea Mombasa au hata Kisumu hukanyaga zaidi kufidia, na hapo ndipo anapokosea. Akselereta ya petroli ikifika mwisho, kompyuta huongeza mafuta kupita yale ambayo hewa iliyoingia inaweza kuyachoma, ili kupoza na kulinda injini. Ziada hiyo hutoka kwenye eksozi ikiwa haijaungua vizuri. Simamia robo tatu ya pedali.

Punguza gia mapema, kabla injini haijaanza kutetemeka na kugonga. Petroli huwa na raha ikipanda kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000, dizeli ya matatu 1,800 hadi 2,200. Kisha shika pedali mahali pamoja na uache mwendo ushuke wenyewe. Kung'ang'ania 80 mlimani ndiko kunakomeza tangi. Kwa otomatiki, O/D izimwe wakati wa kupanda pia, vinginevyo gia itakuwa ikiruka juu na chini kila baada ya sekunde chache, na oili yake inapata moto.

Kulipita trela moja katikati ya msururu wa matrela kumi kunakuongezea nini? Unakanyaga mpaka mwisho, unaingia kwenye mwanya, unakanyaga breki. Umechoma mafuta ya kupita na umeyamaliza palepale, na bado kuna matrela tisa mbele. Subiri sehemu yenye leni ya kupandia, au kaa nyuma kwa umbali mzuri.

Matuta

Hesabu hii inastahili kukaa kichwani. Gari la tani moja na nusu likiwa kilomita 80 kwa saa limebeba ndani ya mwendo wake kama mililita 45 za petroli, yaani vijiko vitatu vya mezani. Ukilifikia tuta ukiwa 80 na kukanyaga breki hadi 20, umemwaga vijiko hivyo karibu vyote, na utavilipia upya kurudi 80. Matuta ishirini ya namna hiyo ni karibu lita moja. Anayefahamu barabara ya Kericho, Kapsoit, Awasi na Ahero anajua kwamba ishirini si mengi.

Kinachotakiwa ni kuachia mafuta mapema. Ukiona alama ya tuta, watu wakivuka, au paa za mabati za senta zikianza kujitokeza, toa mguu kabisa, gari likiwa kwenye gia. Kutoka 80, gari dogo kwenye tambarare linahitaji mita 300 hivi kushuka hadi 50 bila breki, na mita hizo 300 unazitembea bila tone la mafuta. Ukiwa mita 50 kabla ya tuta, weka gia ya pili, malizia na breki kidogo. Baada ya tuta, ongeza taratibu na upande gia mapema: ya tatu kwenye 35, ya nne kwenye 50, ya tano kwenye 65 kama barabara ni tambarare. Na kama tuta la pili linaonekana mita 200 mbele, baki kwenye ya tatu; hakuna haja ya kwenda kulikimbilia.

Haya hayawezekani ukiwa umemganda mwenzako. Chagua nguzo ya stima. Gari la mbele likiipita, hesabu sekunde nne kabla wewe hujaifikia. Ukiwa na nafasi hiyo unaweza kurekebisha mwendo kwa mguu wa mafuta peke yake. Dereva ambaye taa zake za breki zinawaka kila mara kwenye barabara iliyo wazi anafuata karibu mno. Kondele mjini Kisumu, saa kumi na moja jioni, sekunde nne hazipo, bodaboda zitajaza pengo lako; hapo ridhika na kusogea polepole bila kusimama, gia ya kwanza au ya pili, badala ya kuruka na kufunga.

Kuhusu mwendo wenyewe: upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 80 hadi 100 unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye kilomita 25 za tambarare kati ya Ahero na Kisumu, 100 badala ya 80 inakuokolea chini ya dakika nne, kama hakuna tuta wala ng'ombe. Matatu zina kidhibiti mwendo cha 80 kisheria, na waliokivuruga wanalipia kwenye pampu kila jioni.

Injini inayonguruma bure

Gari la injekta halihitaji kupashwa moto dakika kumi, hata Nakuru alfajiri nyuzi zikiwa 10. Washa, funga mkanda, subiri sekunde 30 oili ifike juu, ondoka. Kilomita tatu za kwanza usipite mizunguko 2,500. Injini hupata moto haraka zaidi ikifanya kazi nyepesi kuliko ikisimama, na wakati iko baridi kompyuta huimwagia mafuta mengi zaidi, kwa hiyo kuisimamisha ikinguruma ni kurefusha kipindi kibaya.

Kwenye steji, ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, zima. Matatu inayosubiri abiria dakika 20 mara nne kwa siku huku injini ikiunguruma inachoma kama lita moja, na moshi wote unabaki pale pale kwa mama muuza ndizi na abiria waliokwisha kukaa. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba gari halitawaka tena. Hiyo ni betri iliyochoka au vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani. Visugue kwa maji moto na magadi, vikaze, upake grisi. Muziki pia unakula betri injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo punguza au zima.

Mwenye injini ya tabo asizime mara tu baada ya kupanda mlima. Tabo inazunguka kwa kasi kubwa ikiwa na moto mkali. Oili ikikatwa ghafla, iliyobaki ndani inaungua na kuganda kama lami, na beringi zinakufa. Dakika moja ya kunguruma inatosha. Na kama kilomita ya mwisho uliiendesha polepole kuingia senta, hata hiyo huihitaji.

Upepo wa matairi

Tairi lenye upepo mdogo linabonyea zaidi, linapata moto, na linakula mafuta. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, isitumike. Kibandiko kina safu mbili mara nyingi, ya gari jepesi na ya gari lenye mzigo. Kwa Probox inayobeba miraa au maziwa, safu ya pili ndiyo yako, na matairi ya nyuma huhitaji zaidi ya mbele.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea kilomita tatu. Hapa ndipo tofauti ya Nakuru na Kisumu inapoingia. Ukijaza PSI 33 Kisumu mchana, joto likiwa nyuzi 30, halafu ukalala Nakuru, asubuhi kwenye nyuzi 12 geji itasoma kama 31. Hujatobolewa, baridi imebana hewa ya ndani, ingawa hewa nyepesi ya nje imefidia kidogo. Anayelala Nakuru ajaze Nakuru asubuhi. Na ukifika Kisumu ukakuta 37 kwa sababu matairi yametoka safarini, usipunguze. Ukipunguza, yakipoa usiku utakuwa na upepo mdogo.

Nunua geji yako mwenyewe. Zile za kwenye vituo zimeangushwa sana. Kagua kila wiki mbili, pamoja na spea.

Gereji

Kichujio cha hewa ndicho kinachosahaulika zaidi, na vumbi la barabara za murram huko Molo, Njoro, Nandi Hills na Vihiga halina huruma. Kitoe kila baada ya kilomita 5,000 unapobadilisha oili. Kipulizwe na kompresa kutoka upande wa ndani, ulio safi, kwenda nje; kikipulizwa kutoka nje vumbi linasukumwa ndani zaidi ya karatasi. Usikioshe kwa maji kama ni cha karatasi. Kikishika rangi ya kahawia isiyotoka, au ukikiinua kwenye jua na mwanga usipite, nunua kingine. Kwenye dizeli, kichujio kilichoziba huleta moshi mweusi moja kwa moja.

Rangi ya moshi inasema mengi. Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa, kwa sababu ya kichujio, nozo zinazovuja, au gia ya juu mno mlimani. Wa bluu: oili ya injini inaungua, ringi au sili za vali zimechoka. Mweupe usiokwisha injini ikiwa na moto: maji ya redieta yanaingia ndani, simamisha gari. Kanuni za ubora wa hewa zinayahusu magari pia.

Oili iwe ya unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Injini ndogo za kisasa nyingi zinataka 5W-30. Ukiitia 20W-50 kwa sababu "ni nzito, italinda", pampu inahangaika na matumizi ya mafuta yanapanda. Plagi za kawaida zibadilishwe kilomita 20,000 hadi 30,000, za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Taa ya injini ya rangi ya chungwa ikiwaka, pima kwa mashine kabla ya kubadilisha chochote. Mara nyingi ni sensa ya oksijeni, na ikifa kompyuta inakisia tu, ikikisia kwa kuzidisha mafuta. Wakikushauri kukata katalitiki kwenye eksozi ili gari "lipumue", kataa. Faida yake kwa injini nzima ni ndogo mno, sumu inayotoka inaongezeka mara nyingi, na kipande walichokitoa wana mnunuzi wake tayari.

Jambo la mwisho la gereji ni breki inayoshika. Matope na vumbi hukausha pini za kalipa, pedi zinabaki zimegusa disiki, na dereva anaendesha akiwa na breki bila kujua. Tembea kilomita tano bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko zenzake, hiyo ndiyo. Jaribio jingine: gari dogo likiwa kwenye sakafu tambarare, frii na handibreki chini, mtu mmoja anapaswa kulisukuma likasogea. Pini husafishwa na kupakwa grisi ya silikoni ya breki, kazi ya chini ya saa moja.

Mzigo na joto

Kila kilo 50 za ziada huongeza matumizi kwa asilimia 1 hivi, na zaidi mlimani. Lakini gunia la viazi lililofungwa kwenye keria ya juu linadhuru mara mbili, kwa uzito na kwa upepo. Liweke ndani, chini, karibu na katikati. Keria isiyotumika ifunguliwe. Nati nne tu. Kuhusu kiyoyozi: Kericho huna haja nacho. Tambarare ya Kano saa nane mchana, ukiwa 80, funga vioo na uwashe kwa kiasi, kwa sababu vioo vilivyo wazi kwa kasi hiyo vinabeba upepo. Mjini chini ya 50, fungua vioo, zima kiyoyozi.

Oili chafu na maji ya kuoshea

Moshi si uchafu pekee wa gari. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia kwa Mto Njoro na mitaro ya mji hubaki humo. Kisumu, mitaro inamwaga kwenye Ghuba ya Winam, na Dunga, kando ya ghuba hiyo, ndiko mji unakovuta sehemu ya maji yake ya kunywa. Oili iliyomwagwa nyuma ya gereji Nyamasaria, Kisumu, au Shabab, Nakuru, inafika ziwani na mvua ya kwanza.

Nenda gereji na mtungi tupu wa lita 5, ule ulionunulia oili. Oili ya zamani ikingwe kwenye beseni pana, kisha imiminwe mtungini kwa mrija. Kichujio cha oili kitobolewe juu na kugeuzwa juu ya beseni usiku kucha. Kinabaki na karibu robo lita ukikitupa kikiwa kizima. Usichanganye na petroli, maji wala kulanti, maana oili iliyochanganywa haichukuliwi na wanaoisafisha upya. Mpelekee mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kukusanya taka za aina hiyo, au gereji kubwa inayomuuzia. Kupaka nguzo za boma dhidi ya mchwa kumezoeleka mashambani, lakini metali zilizomo zinashuka kwenye udongo uleule unaopanda sukuma. Kulanti iliyotolewa kwenye redieta ina ladha tamu na inaua mbwa na ndama. Isiachwe kwenye beseni wazi.

Kuosha gari ndani ya ziwa, magurudumu yakiwa majini, kunapeleka grisi, vumbi la pedi na sabuni moja kwa moja kwa samaki. Osha kwenye nyasi au changarawe ambako maji yatanyonywa kabla ya kufika mtaroni. Ndoo tatu za lita 20 zinatosha gari dogo: ya kwanza kulowesha na kuondoa matope, ya pili ya sabuni kwa sponji kuanzia paa kwenda chini, ya tatu kusuuza. Injini isioshwe kwa dizeli na brashi. Kama kuna oili inayovuja, pangusa kwa tambara kavu utafute sili iliyochoka, maana ukiosha unafuta alama ambayo fundi angeifuata.

Tambara lenyewe likishalowa oili, lifunge kwenye mfuko na liende na mtungi ule wa lita 5.